Mstari Uliomruka Kaka

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba wanangu wawili, yule wa maswali na yule wa mafua, hawajambo. Mimi mwili hauna neno. Ila tangu nikae mezani nimeinuka mara tatu: mara nifunge dirisha, mara nilifungue, mara nitafute kalamu ambayo nilikuwa nimeishika mkononi. Nivumilie.

Najua utasema ningepiga simu tu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata sababu ya kunyamaza.

Hujawahi kuniuliza hasa nafanya nini pale ofisi ya kumbukumbu za watu, zaidi ya kunitania kwamba nalipwa kwa kuchezea kompyuta. Leo nakueleza, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Madaftari yote ya zamani yameingizwa kwenye faili moja refu. Programu ikilisoma, inalipanga kama mti: kutoka shinani inatoka mitaa, ndani ya mtaa zimo nyumba, ndani ya nyumba wamo watu, na chini ya kila mtu wamo watoto wake. Kila kimoja humo tunakiita kipengele. Kila kipengele kina sifa zake, kama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa: namba, mwaka wa kuzaliwa, hali. Hali ya mtu ni hai, au marehemu, au hajulikani alipo. Mimi naandika maelekezo, na programu inapita tawi kwa tawi ikibadilisha kile nilichoiambia.

Wiki yangu ya kwanza niliambiwa nimshughulikie mzee mmoja aliyeandikwa mara mbili. Nikakitafuta kipengele chake, nikakiondoa. Lahaula! Akaondoka na watoto saba na wajukuu kumi na mmoja, kwa sababu kinachong'olewa huondoka na vyote vilivyo chini yake, na watoto walikuwa chini ya yule niliyemng'oa. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Nukta kwa jinsi anavyoona nukta iliyokosekana akiwa bado mlangoni, alicheka hadi akavua miwani. Akaniuliza ukoo ule umenikosea nini hata niumalize kabla ya chai. Kisha akanituliza kwamba hakuna kilichoharibika: mabadiliko yote yanakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mpaka uhifadhi, faili lenyewe liko vilevile. Akaniambia mtu asing'olewe ovyo. Mara nyingi kinachotakiwa ni kubadilisha sifa yake tu.

Mwezi Machi tukapewa agizo. Kila asiyejulikana alipo kwa zaidi ya miaka saba, na ambaye familia yake imeleta maombi, hali yake ibadilishwe iwe marehemu, ili familia ipewe cheti. Waliohusika walikuwa mia mbili na saba. Nikaandika maelekezo, na Aprili vyeti vikatoka.

Chako hakikutoka. Umesafiri mara tano mpaka dirishani petu, na mara tano yule karani amekuambia kwamba kwenye faili mumeo bado hajulikani alipo, urudi wiki ijayo. Mara ya nne ulimwambia kama maombi yako yameliwa na panya, basi akuletee huyo panya mzungumze. Ofisi nzima tulisikia. Ukaniuliza mimi kama naweza kuchungulia, nikakujibu kwamba idara yangu haihusiki na mambo ya dirishani.

Halafu Juni ukaja kwangu, ukajikunja kwenye kiti ukichezea ncha ya kitenge, ukanieleza habari za fundi bomba. Ulisema bomba lako lilipona siku ya kwanza, lakini yeye ameendelea kuja kulikagua. Ulisema watoto wamemzoea, kwamba anataka mfunge ndoa, na kwamba kinachowazuia ni kile cheti tu. Nilicheka na wewe, nikakumiminia chai. Ulipoondoka nilizunguka chumba hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Wifi, cheti chako mimi ndiye niliyekizuia. Kwenye yale maelekezo niliongeza mstari mmoja unaosema: ukifika kwenye kipengele chenye namba hii, kiruke, usikiguse. Namba yenyewe ni ya kaka. Watu mia mbili na sita walibadilishwa, mmoja akarukwa. Karani uliyemfokea hana kosa lolote.

Unajua naandika shajara. Nimehesabu: tangu ulipokuja Juni, mara kumi na nne nimeufuta ule mstari, nikaiacha programu ipite, nikamwona kaka amekuwa marehemu mbele ya macho yangu, kisha nikafunga bila kuhifadhi. Kesho yake yupo tena, hajulikani alipo.

Sababu nayo imo kwenye shajara, ya miaka tisa iliyopita, tarehe 3 Februari. Nanakili kama ilivyo: "Kaka amekuja kuuliza aende au asiende kwenye ile kazi ya kuchimba visima. Mkewe anamlilia abaki. Nimemwambia aende, asisikilize maneno ya mke." Aliondoka tarehe 5 na lile begi la bluu. Wewe ulimlilia abaki, na hukuwahi kujua nani alimwambia aende. Nilikuwa nikidhani kwamba maadamu hali yake haijabadilika, basi na neno langu halijamfikisha popote.

Jana, Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, niliufuta mstari. Programu ikapita, nikahifadhi. Nilifungua faili upya nikiogopa ile ajali ya wiki ya kwanza, ingawa naijua kazi yangu. Kaka yupo palepale, ndani ya nyumba yake, mtaani kwake. Kilichobadilika ni neno moja. Chini yake wapo watoto wawili, na majina yao yote mawili niliyasoma kwa sauti, mpaka Bwana Nukta akainua kichwa. Nikamweleza kila kitu. Hakucheka. Amesema ataamua Ijumaa kama nitaendelea na kazi.

Usisafiri tena kwenda dirishani. Cheti kitaletwa kwako. Ukinikasirikia, una haki, na mlango wangu hautafungwa kwako. Fundi msalimie. Siku moja nitamwita shemeji, lakini leo ulimi bado mzito.

Wabusu watoto, na huyo wa mafua avae soksi.

Ni mimi wifi yako, shangazi yao, niliyemwambia aende.