Miguu ya Elizabeti

Jumatatu, 1 Machi 1982
Darasa la sita, mfumo wa damu. Mwenye bucha alinipa moyo wa ng'ombe, nikaupasua mezani. Vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Wa kushoto huisukuma mwili mzima. Humo mna vali, milango inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Mwanafunzi akauliza mapenzi hukaa chumba gani. Tulicheka wote. Kisha nikamkumbuka mdogo wangu Elizabeti. Vali yake iliharibiwa na homa ya viungo utotoni. Haifungiki. Nilifuta ubao mapema.

Jumatano, 3 Machi
Miguu yake imevimba tena. Nikibonyeza, alama ya kidole inabaki. Hospitali ya misheni waliagiza vidonge kila asubuhi na asiguse chumvi, maana chumvi huzuia maji mwilini na moyo unazidiwa. Vidonge nampa mwenyewe. Chumvi nimeifungia sandukuni, ufunguo ninao mimi. Sielewi kwa nini bado anavimba. Naogopa.

Jumamosi, 6 Machi
Mvua. Barabara ni tope tupu. Magari ni machache, na yaliyopo hayana petroli. Elizabeti hawezi tena kulala chali. Analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Dereva wa lori linalobeba kahawa kutoka mashamba ya Oldeani ameahidi kupita Jumatatu, Mungu akipenda. Nimekaa tu.

Jumatatu, 8 Machi
Lori lilipita, likatufikisha hospitali ya misheni. Daktari alisikiliza kifua, akatazama miguu, akauliza anakula nini. Mama akajibu makande. Mama anatia nini humo? Magadi, kama watu wote, maharage yaive.
"Mwalimu ameficha chumvi," Mama akasema, "basi naongeza magadi kidogo, mtoto apate ladha."
Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, mwilini magadi na chumvi ni ndugu."
Sodiamu, imo katika vyote viwili. Nilijifunza kidato cha tatu. Magadi yenyewe niliyaleta nyumbani mimi, kutoka mnadani, kwa mama wa Kimasai anayeuza kila mara.
Elizabeti, pumzi ikimkata, akasema: "Kaka amefunga sanduku, chungu akakiacha wazi."
Akacheka peke yake.
Daktari aliniita pembeni. Uvimbe utapungua, vali haitapona. Kuna upasuaji, lakini nje ya nchi. Alisema hivyo huku akitazama dirishani.

Ijumaa, 12 Machi
Miguu imepungua. Amelala chali. Mama amemwaga magadi yote uani na ng'ombe wamekuja kulamba. Akaniuliza kama ni yeye aliyemwumiza mwanawe. Nikamwambia ni vali. Hakuniamini.

Alhamisi, 18 Machi
Vidonge, sawa. Chumvi hakuna, magadi hakuna. Miguu imeanza kuvimba tena. Nimekagua kila kitu kinachoingia chunguni na hakuna cha kulaumu. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili, 21 Machi
Hatukwenda kanisani. Elizabeti aliomba nimfundishe kama darasa la sita. Nikachora moyo kwa mkaa kwenye ubao wa mlango. Akafuata njia ya damu kwa kidole, polepole, kutoka mwilini hadi mapafuni, na kurudi. Kidole kikasimama upande wa kushoto.
"Mlango wangu ni huu?"
"Ndio huo."
"Kama wa zizi letu."
Jioni nilikwenda kufunga zizi. Mlango wake haushiki tangu zamani. Niliufunga kwa kamba, kama kila siku, nikarudi ndani. Mama yuko jikoni, amebandika makande tangu mchana. Bila magadi maharage yanachelewa. Kila mara anafunua chungu, anabonyeza harage moja, anafunika. Bado magumu. Tunangoja.