Mabati Yaliyoshiba Bugali

Alhamisi, jioni

Nimezeekea nyumba za kupanga, na leo nilibakiza kidogo tu ninunue yangu ya kwanza. Papa Ramazani anaiuza, kule njia ya Nyangwe.

Nilienda saa sita ya mchana, jua likiwa kali. Nikajifungia ndani, mlango na madirisha, nione kama mabati iko na matundu. Giza tupu. Moyo ukaanza kupanga vitanda.

Halafu nikafungua dirisha, nikaona sisimizi wanapanda ukuta kwa mustari mpaka kwenye bati. Nikapanda juu ya kiti, nikachokonoa na kijiti. Bugali! Muzee mwenzangu ameziba matundu na bugali, akapaka masizi juu.

Nikamuita kwa dirisha: "Papa Ramazani, hata nyumba yako inashiba kuliko mimi!"

Akacheka kwa haya. "Ni ya muda tu, muzee."

"Basi iendelee kula. Ukiweka mabati mapya, niite."

Njia yote nilirudi nikicheka. Kumbe Mama Feza, bibi yangu, alikuwa ameshafunga sufuria zetu tuhame mbele ya mvua kuanza. Amezifungua. Ile kubwa ameirudisha pale pale, chini ya tundu letu la siku zote.

Sicheki tena.