Herufi za Joakim

Nkololo, Bariadi

Kaka Joakim,

Mwangaluka, kaka. Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, za baba, na za majirani wote. Natumaini huko machimboni u mzima. Sisi tunapumua, ingawa tangu tumzike mayu, mama yetu, nyumba imepoa. Sikulaumu kwa kutofika mazishini. Jirani yetu Nyanda alikutafuta akakuta mmehamia shimo jingine, ndiyo maana nimempa barua hii aendelee kukusaka.

Nakuandikia habari za herufi zako. Nilipofungua steshenari pale Bariadi mjini, nilizipiga picha kwenye kuta ulizopaka: saluni, kwa kinyozi, kilabuni, hata mkokoteni wa mzee Mayige. Fundi wa kompyuta akazigeuza ziwe za kuchapa. Ni zilezile, nene, zimetanguliza matumbo, nyingine zimeinua mguu kama wacheza ngoma. Ukiandika "Karibu" kwa herufi hizo, mtu ataingia hata kama hana shida. Wateja wanazitaka kwa harusi na kipaimara. Wenye msiba nawapa nyingine. Hapo ndipo ulipokosea, kaka, nami nakwambia kwa upendo. Kibao ulichokipakia kanisa letu la kigango hakikutaka herufi za kilabu. Watu walicheka hadi ndani ya ibada, na baba, katekista mzima, akaona umemvua nguo. Lakini kukufukuza nyumbani kulikuwa adhabu kubwa mno, naye anajua.

Basi bango langu la kwanza lilipotundikwa hapa gulioni, mayu aliruka kwa furaha. Hakusoma, ila alizijua herufi zako kama alivyojua ng'ombe wake. Akasema umerudi, unapitapita kimyakimya kwa aibu. Sikumkatalia. Nikazidi kutundika, hata pasipo na tangazo la maana. Kila jioni akawa anakufunikia michembe ya viazi vikavu na karanga.

Kaka, hili ndilo linaloniuma. Alipozidiwa aliniita, akanieleza kuwa bango lile la kwanza alilirudia peke yake siku ileile, akalipapasa. Akasema rangi ya Joakim hushikika kidoleni, na lile lilikuwa laini kama mfuko wa sukari. Alijua kuwa ni mimi. Alinyamaza kwa kuwa aliona mimi ndiye niliyehitaji kuamini kwamba utarudi. Nililia sana, na mgonjwa ndiye aliyenibembeleza.

Msalaba wake haujaandikwa. Nilitaka kuchapa jina kwa herufi za heshima, baba akakataa. Amesema zile za kilabu ndizo pekee ambazo mayu aliweza kuzisoma, basi ziandikwe kwa brashi, na kwa mkono wako. Rangi amekwisha kununua. Kila asubuhi anafungua kopo kutazama kama haijakauka.

Nakuaga kwa machozi, kaka. Baba anakusalimu, na safari hii amekutaja kwa jina.

Ndimi mdogo wako,
Specioza