Mawingu Yako Yamemfikia Mama

Mbugua, wakini wangu, mwenzangu wa rika,

Wewe ndiwe uliyeniambia kwamba mtu akiandika barua aanze na habari njema, maana za mafua na njaa zitajipenyeza zenyewe. Basi habari njema ni hii: mama yako amezitazama picha zako. Zote! Keti vizuri huko uliko, kwa sababu leo nina majivuno, na unajua mtu mfupi mnene akijivuna hukosa pumzi.

Ulipotuacha, mkebe wako wa picha ulibaki kwangu hapa Ruiru, kwenye rafu, katikati ya minyororo ya baisikeli na mipira inayongoja kuzibwa. Mteja akiuona mkebe wa biskuti anadhani una biskuti. Nikiufungua, uso unamshuka. Mawingu. Nyasi zenye umande. Kilimambogo kimevaa kofia ya ukungu. Mto Chania umefura baada ya mvua. Halafu mawingu tena.

Mimi nacheka peke yangu nikikumbuka ile studio uliyofanyia kazi pale Thika. Watu walikuja na makoti ya kuazima, wakasimama kama askari mbele ya kile kitambaa kilichochorwa mawingu. Walilipia mawingu yaliyopakwa rangi ya nyumba, na wewe Jumapili unabeba kamera kwenda kupiga yale ya bure. "Haya hayakunji uso," ulikuwa ukisema, "wala hayaombi yarudiwe." Nami nyuma yako na mfuko, nahema, nauliza kama hatuwezi kupata wingu lililo karibu na hoteli ya chai.

Lakini mama yako hakutaka hata kuusikia mkebe huo. Siku ya kukuzika alisema neno lililonichoma kuliko mahubiri yote: "Mwanangu amepiga picha watu wote wa Thika, na mimi hakuniachia uso hata mmoja. Wake hakuna, wangu hakuna. Ameniachia hewa."

Hewa, Mbugua.

Na ujue hakai tena kule kwenu kilimani. Hilo hukuliona, nami nashukuru hukuliona. Baada yako ilitoka amri ya serikali, watu wote wa kilima kile wakahamishwa, wakapangwa katika kijiji kipya kando ya barabara ya Thika, nyumba mstari mmoja kama meno, mlango wa huyu unatazama mgongo wa yule. Nyumba za zamani zikabomolewa. Mama akahama na chungu chake, jembe na ile hasira. Nikajiambia, huyu mzazi akifa akiamini uliishi ukipiga hewa, mimi nitakutazama vipi?

Basi Jumapili moja baada ya kanisa nikaenda kwake na mkebe, pasi yangu ya kutembelea ikakaguliwa njiani mpaka karibu ichakae. Desturi yetu unaijua: picha ikiletwa, watu wananawa mikono, inapita mkono kwa mkono, na anayeishika sharti amtaje aliyemo kabla ya kuipitisha. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliponiona na mkebe akanipa mgongo.

Ya kwanza ikamfikia Wairimu, jirani yake mwenye ulimi. Akaitazama, akaigeuza nyuma, kana kwamba watu wamejificha huko.

"Njuguna, picha gani hii? Haina hata mbuzi! Sasa nimtaje nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikaichukua, nikasimama, nikaeleza kwa sauti ya mhubiri kwamba ule weupe wa chini ni mto, na weusi wa juu ni wingu zito la mvua. Mama yako akageuka ili anicheke pamoja na wengine. Mkono ukasimama juu ya maharagwe.

"Hi! Geuza, wewe. Umeishika miguu juu."

Nikageuza. Akafuta mikono kwenye leso, akaichukua, na sijui nikuandikieje kilichofuata. Akaanza kuitaja. Huo mti uliopinda ni muiri wa mpakani. Hapo ndipo njia ya mtoni inapoingilia. Kisha akaweka kidole juu ya mstari mwembamba unaopanda kuingia mawinguni, ambao mimi siku zote nilidhani ni mkwaruzo wa filamu.

"Na huu ni moshi wangu. Ni asubuhi, niko ndani, napika uji. Wairimu, umeuliza umtaje nani? Nitaje mimi."

Wairimu akamtaja, wakini.

Halafu wakauvamia mkebe! Mzee mmoja akapata migomba ya baba yake chini ya wingu jeupe. Wairimu akatafuta mpaka akaona pembe ya boma lake, akalia kwa sauti, kisha akanigombeza mimi, ati nilizificha kwa nini. Wewe ulilenga juu, na makwao yote yakaingia kwa chini.

Sasa mkebe si wangu tena. Mama ndiye anayeamua picha ilale nyumba gani, na ole wake mwenye vidole vya mafuta. Akipita wanasema, "Huyo ndiye mama wa fundi wa mawingu." Anajifanya hasikii, huku akipunguza mwendo ili waseme tena.

Juzi akaniita. "Kamera yake unayo? Basi piga hapa. Mbugua hajui nilipo." Nikamwomba asimame mlangoni. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiyejifunza. "Mimi nitakuwa ndani. Wewe piga juu."

Nikapiga. Wenzako wa studio ya Thika wamenioshea filamu, na wamenicheka vya kutosha: kwenye picha kijiji chote kimeinama, utadhani kinataka kuteremka kwenda Ruiru. Nimeitia ndani ya barua hii, nitaifukia kando ya msalaba wako. Inamisha kichwa kidogo, utamwona.

Kaa kwa amani, wakini. Mvua zikianza nitampiga tena, na tena, maadamu ana kuni za kuwasha.

Njuguna