Kiambatisho Alichokifungua Mwanao

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi upande wa dirisha lenye jua, mguu umeunyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza. Vipi lile jicho la kulia? Nimesikia ukungu umezidi, na sasa hata saa ya ukutani unaulizia. Pole sana. Mimi ni mzima, mashine zote nne zinazunguka, mafundi wanashona na kugombana kama kawaida yao. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei tangu nilipomrudisha kitinda mimba wako nyumbani, na asiyepokea simu itabidi asomewe.

Kusomewa, naam. Barua yako niliipata, na mwandiko niliutambua kabla sijafungua bahasha: zile herufi zake zilizonyooka kana kwamba amezipigia rula. Wewe ulisema, yeye akaandika. Basi najua na hii atakusomea yeye. Mdogo wangu, hujambo. Soma polepole mama asikie, na usiruke mstari.

Mama, umeniomba nimrudishe kazini. Umesema kosa lenyewe ni la kidole tu, kubonyeza kitu kwenye kompyuta, na kwamba dada mwenye moyo hamfukuzi nduguye kwa sababu ya kidole. Umesema anashinda anatazama dari, sahani inarudi jikoni kama ilivyopelekwa, na wazazi wa mchumba wake wameanza kuuliza kijana siku hizi anafanya kazi gani. Umesema bila kazi hii harusi haipo. Nimeyasoma yote, na nitakujibu. Ila kwanza nikueleze kazi yenyewe ni nini, maana kwa miaka yote hii umekuwa ukiwaambia majirani kwamba mimi "nashona shona".

Sisi tunadarizi nembo, mama. Shule, timu za mpira, kampuni za ulinzi, wote wanatutumia mchoro kwa barua pepe. Mchoro unakuja kama kiambatisho, yaani faili iliyofungwa pamoja na barua, na barua za namna hiyo zinaingia kutwa. Kwenye kompyuta kuna programu inayogeuza mchoro kuwa mishono, kisha mashine inashona. Nembo ndogo ya mfukoni ni mishono elfu nane. Yenye mnyama katikati na maandishi ya duara inafika elfu kumi na nne. Tulikuwa na nembo mia tatu na arobaini ndani ya kompyuta ile, kila moja imepangwa mshono kwa mshono, na hizo ndizo karakana yenyewe. Mashine ikifa utaagiza nyingine. Nembo huzikuti dukani.

Kwa hiyo niliweka sheria. Mtu akipata kiambatisho asichokitarajia, ni marufuku kukifungua akiwa ameketi. Anainuka kitini, anavuka chumba mpaka kwenye simu ya mezani pale karibu na mlango, anampigia mtumaji kwa namba tuliyoibandika sisi wenyewe ukutani, si ile iliyo ndani ya barua. Ukimpigia tapeli kwa namba ya tapeli ukamuuliza kama yeye ni tapeli, atakujibu kwa adabu zote. Mafundi walinicheka. Yule fundi wa mashine kubwa, wanayemwita Kamanda kwa sababu ya sauti, kila barua ikilia kwenye kompyuta alikuwa akipaza: Meneja, wima! Na mwanao, ndiye waliyemwita Meneja kwa kumtania, alisimama. Kila mara alisimama. Walimwambia atachakaza soli, naye anacheka, anasimama.

Sasa nikukumbushe siku ya mchora mabango. Nilikuwa mlangoni napokea vitambaa nikamwona mtu anaegemeza ngazi kwenye ukuta wangu, rangi mkononi, ananiuliza aanzie wapi. Nikamuuliza kaagizwa na nani. Akasema na mama mwenye karakana. Kumbe ni wewe. Alikuwa na karatasi ya maneno ya kuchora: jina la mwanao juu, kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa ndogo, "na Dada". Nilipokupigia ulinijibu kwamba mwanamume akitajwa wateja wanaheshimu, kwamba mimi nitaolewa niende zangu, na kwamba umeshawaambia wazee wa ukoo kuwa karakana ni nusu kwa nusu na mwisho wa mwaka tutakwenda kuiandikisha hivyo serikalini. Nusu kwa nusu! Mama, nilianza na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, kwenye baraza ya watu, mwaka ambao ulinitoa shule mimi ili yeye aingie. Nusu ya ile baraza hukuidai.

Hukunisikia nikipiga kelele siku ile. Nilimpa mchora mabango maji ya kunywa, nikamwambia arudi mwisho wa mwaka.

Tuje kwenye barua pepe. Ilifika asubuhi niliyokwenda kuchagua nyuzi kwa msambazaji, mwanao akabaki peke yake kwenye kompyuta. Ilijifanya imetoka kwa wakala wetu wa programu, yule mzee mnene wa goti bovu. Ilisema kuna toleo jipya la programu, limeambatishwa, tulifungue leo hii, la sivyo leseni yetu itafungwa kesho asubuhi. Mama, hata wewe na jicho lako ungeistukia. Leseni yetu ilikuwa hai mpaka mwaka unaofuata. Wakala yule hajawahi kutuma programu kwa barua: toleo jipya likitoka anakuja mwenyewe na flashi mfukoni, anaomba kiti, anasimulia goti lake kuanzia ajali mpaka upasuaji, ndipo anafanya kazi. Anwani ya mtumaji ilifanana na ya wakala, lakini ukiitazama vizuri si yake. Halafu uzito. Toleo dogo kuliko yote tuliyowahi kuwekewa lilikuwa megabaiti tisini. Kiambatisho kile hakikufika hata nusu ya megabaiti moja. Ni kama mtu akuambie amekuletea kabati, ameliweka ndani ya bahasha.

Kikafunguliwa. Nilipofika mlangoni mashine zote zilikuwa kimya, mafundi wamesimama nyuma ya kiti chake kama watu wa matanga, na kwenye kioo kuna maandishi mekundu yanayodai fidia. Nembo zote mia tatu na arobaini zilikuwa zimefungwa, kila faili imegeuzwa takataka. Kamanda aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kama kazi ipo kesho.

Sikumpeleka mwanao pembeni. Nilimsimamisha pale pale katikati ya mafundi, nikamuuliza sheria ya chumba hiki ni ipi. Akaitaja. Nikamuuliza barua hii ilikuwa na dalili gani. Akazitaja zote, moja baada ya nyingine, mpaka uzito wa faili. Nikamuuliza, sasa kama macho unayo na hesabu unajua, ulifungua kwa akili ya nani? Akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, mama, kisha akainamisha kichwa akasema, ni mimi dada, nisamehe. Kamanda akasonya. Mshona vifungo, ambaye alikuwa akimpigia mahesabu ili awe wifi yangu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba shule za watu zimepotezwa bure. Sikumkataza.

Wala sikumfukuza siku ile. Nilimwachia arekebishe. Alizunguka shule kwa shule akiomba sare kuukuu, akakata nembo zake zilizochakaa, akaziweka chini ya kioo cha kukuzia na kuanza kuhesabu mishono ili azichore upya. Elfu nane. Elfu kumi na nne. Macho yalimvimba yakawa kama ya mtu aliyelia, ingawa sikumwona akilia. Alimaliza nembo ishirini na sita, nzuri, siwezi kumsingizia. Wateja wakubwa walipoanza kulalamika, nilimwita nikamwambia ishirini na sita kati ya mia tatu na arobaini bado ni hasara, akusanye vitu vyake. Akaikunjua mikono ya shati aliyokuwa ameikunja kwa kazi, akaniaga kwa heshima, akaja kwako.

Mdogo wangu, kama koo limekauka, kunywa maji. Kisha uendelee, maana hapa ndipo mama anapopangojea.

Mama, mwanao hakukosea. Alisimama kama kawaida. Alivuka chumba, akampigia wakala kwa namba ya ukutani, na simu ya wakala ilikuwa imezimwa. Angeweza kurudi akaketi. Badala yake akanipigia mimi. Akanisomea barua nzima kutoka kwenye karatasi aliyoinakilia, mashine zikimfunika sauti mafundi wasimsikie. Akaniambia, dada, hii siipendi: leseni yetu iko hai, mzee hatumi kwa barua, anwani ina kasoro, na faili ni nyepesi mno. Hakuacha dalili hata moja. Na mimi sikuhitaji kusomewa, kwa sababu barua zetu huingia pia kwenye simu yangu. Nilikuwa nimeshaiona nikiwa kwenye foleni ya nyuzi, nimeshaipima, na jibu nililopata lilikuwa lile lile lake.

Nikamwambia afungue. Nikamwambia nimezungumza na wakala mwenyewe, faili ni yake, aache woga wa kitoto. Akasema, haya dada, ukisema wewe basi. Nikasikia akikata simu kwa upole, kama anavyofanya siku zote.

Barua ile sikuitengeneza mimi. Ilikuja yenyewe, na ilinikuta nimeshajiandaa bila kujua najiandaa. Tangu siku ya mchora mabango nilikuwa nikinakili nembo zote kwenye diski ndogo na kuondoka nayo, nikaificha nyumbani kabatini, chini ya mashuka. Nilikuwa naogopa kuibiwa, sijui na nani. Labda na wewe. Kwa hiyo pale kwenye foleni hesabu yangu ilikuwa fupi. Upande mmoja kompyuta ya miaka saba ambayo feni yake inakoroma. Upande wa pili nusu ya karakana. Nilichagua nyuzi zangu, za buluu na za dhahabu, nikaomba risiti, nikarudi taratibu.

Wakati wote anahesabu mishono chini ya kile kioo, diski ilikuwa kabatini kwangu. Alipoondoka nikaileta. Niliwaambia mafundi kuna mtaalamu amefungua faili. Walipiga makofi. Hizo ishirini na sita zake sikuzihitaji, nimezifuta.

Habari ya diski yeye anaisoma leo kwa mara ya kwanza. Ile ya simu aliijua tangu asubuhi ile. Aliposimama mbele ya mafundi akanitazama vile, nilingoja aseme, "si wewe dada uliyeniambia?" Nilikuwa na jibu tayari: ningesema ananisingizia, na wao wangeniamini mimi. Hakusema. Alidhani nilikosea, akaona haya kuniaibisha mbele ya watu wangu. Na kwa barua yako naona hata wewe hakukwambia. Amekaa kwako anatazama dari, mchumba anamponyoka, na bado ananificha. Mama, angenitukana ningelala usingizi. Amenibebea hili kama mtu anayembebea mgonjwa mkoba, na siwezi kumstahimili kwa hilo.

Basi jibu langu ndilo hili. Kiti chake kiko wazi. Sijaajiri mtu, na karatasi za nusu kwa nusu nitazisaini kwa mkono wangu, bango lichorwe mnavyotaka. Sharti ni moja: akusomee barua hii yote, kwa sauti, mpaka hapa. Nitajua. Ukiisikia utapiga simu kabla hajaikunja, na nakujua matusi yako, nitayasikiliza mpaka mwisho. Siku hiyo hiyo aje. Akiruka, utaniletea barua nyingine ya mwandiko ule ulionyooka, ukiniuliza habari za afya na kunishukuru kwa salamu, na hapo abaki huko huko na dari yake.

Mimi namfahamu zaidi yako, mama. Nadhani sasa hivi unamuuliza mbona amenyamaza, naye anakuambia mwandiko wa dada hausomeki.

Usiache dawa ya jicho, matone mawili asubuhi, na usikubali mtu akuambie matatu. Mguu usiuning'inize, ulaze kigodani. Nisalimie shangazi na yule jirani anayekuletea maziwa, na wote wanaoniulizia kwa wema. Mimi nipo, kazi zinaendelea, sina la kulalamikia zaidi ya hayo.

Ni mimi, uliyenizaa wa kwanza.

Binti yako.