Saluti Mbele ya Bodi

12 Machi

Kwako mdogo wangu,

Sisi wazima, kuku wa shemeji yako ameangua. Saratani imekwisha, ila tangu wanipasue kwapani mkono wa kulia haupandi. Hata vifungo vya shati nafungiwa.

Jana nilikwenda kwenye bodi ya posho ya ulemavu ya wanajeshi wastaafu. Akaingia kanali. Kabla sijafikiri, nikajikuta nimesimama wima, mkono kichwani. Maumivu yalinitoa machozi, lakini wao waliona mkono umepanda. Posho wameifuta.

"Hongera, afande," shemeji yako aliniambia tukirudi. "Sasa kapige saluti dukani, tuone kama watatupa unga."

Nilitaka kuacha kazi ya ulinzi Desemba, nihamie chumba ulichonijengea. Mpangishe mtu kwanza.

Rufaa ni mwezi ujao. Njoo uketi kuliani kwangu, uushike huu mkono.

Kaka yako