Fomu Niliyokupa Mlangoni

4 Februari

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Huyu wa tatu anatambaa hadi chini ya cherehani yangu na kula nyuzi; atakuwa fundi au mbuzi.

Nalala, mama. Baada ya yule wa pili ni wewe uliyenikuta nimekaa kando ya beseni, maji yamejaa, mtoto analia, nami simjui ni wa nani. Safari hii ugonjwa haukurudi, na nikikumbuka kizazi kimefungwa moyo unatulia. Nguo za kichanga nitampa jirani.

Mwanao

20 Februari

Marahaba mwanangu. Goti ni lile lile, linajua mvua kuliko redio. Nguo usigawe kwanza. Ziweke tu, hazili chakula.

Mama yako

11 Juni

Shikamoo mama. Mimi si mzima. Nina mimba ya miezi minne. Nilimbishia nesi, akafungua faili: upasuaji wa mtoto umeandikwa, kufunga kizazi hakumo, fomu haipo.

Niliisaini mwenyewe, nikakupa umkabidhi nesi walipokuwa wananiingiza kupasuliwa. Nilipozinduka nikakuuliza. Ukasema, "Wamefunga, lala."

Iko wapi?

Mwanao

30 Juni

Marahaba mwanangu. Iko sandukuni kwangu, chini ya mashuka. Nilidhani ugonjwa ndio uliosaini. Una miaka ishirini na tisa. Niliogopa utapona uje ujute. Nesi alipouliza, nilisema umebadili mawazo. Nisamehe. Nitakuja kukuuguza ukijifungua, kama siku zote.

Mama yako

18 Julai

Shikamoo mama. Nilisaini nikiwa mzima. Nilisubiri mwaka mzima nipone ndipo niamue, na nilikueleza wewe kwa sababu ni wewe uliyeliona lile beseni. Umenisaliti, mama, kisha ukaniambia nilale.

Naogopa kila asubuhi. Daktari ameshanianzishia dawa. Fomu mpya nimempa yeye mkononi. Usije. Palipoandikwa "ndugu wa karibu" nimemwandika wifi yangu.

Mwanao

9 Desemba

Mwanangu, hujambo? Hii ni barua ya tatu tangu uniambie nisije, na hujajibu hata moja. Kwa hesabu yangu umeshajifungua. Nilipiga simu hospitali, wakasema habari zako wanampa aliyeandikwa. Sikuulizi kama ni wa kike au wa kiume. Niambie tu kama unalala.

Mama yako